Ngozi Juu ya Mabati

Ngozi mbichi haina subira. Ikiwa imeloa inakuchezea tu, ikikauka imekuwa ubao, na katikati ya hayo mawili ziko saa chache ambazo fundi hana ruhusa ya kunywa chai, kujibu salamu ndefu wala kuumwa. Ni kuivuta, kuikunja, kuisugua juu ya kigingi, kuikanyaga, kuivuta tena, mpaka maji yaishe ndani yake huku mikono ingali inaisumbua. Ukiiacha itulie, inatulia milele.

Gelle Warfa alikuwa ndani ya saa hizo, Alhamisi moja ya mwezi wa pili, adhuhuri imeshaswaliwa, katika ua wake nyuma ya soko la mifugo la Garissa. Alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa kifua wazi, shuka amelikunja mapajani, mafuta ya mkia wa kondoo yamemwenea mpaka viwiko, na ngozi ya mbuzi mweupe ameizungusha kwenye kigingi, anaivuta huku na huku kama mtu anayepigania kamba na mtu asiyeonekana. Mkewe Nimo alitoka jikoni, akasimama mbele yake.

"Wageni wanakuja leo, Gelle."

"Baada ya alasiri. Na hii itakuwa imeisha kabla ya alasiri."

"Jana ulisema itaisha jana."

"Jana kulikuwa na mawingu."

"Mawingu. Garissa." Nimo alitazama juu, kwenye anga lililopauka kwa joto. "Wallahi, umri umekufundisha uongo mbaya. Heri ungejifunza uongo mzuri. Leo tunauhitaji."

Uongo mzuri ulikuwa umeshasemwa, tena na Nimo mwenyewe. Kina mama wa upande wa mwanamume walipokuja kuichungulia nyumba mwezi uliopita, wakauliza baba wa binti anafanya kazi gani, Nimo alijibu kwamba anauza kamba sokoni. Ilikuwa kweli. Gelle alikuwa na kibanda cha kamba za nailoni, nyekundu na buluu na kijani. Ila Nimo hakusema kwamba kibanda hicho kina umri wa miaka tisa, na kwamba kabla yake ilikuwa miaka arobaini ya ngozi.

Wageni wa leo walikuwa wazee wa Deeq, kijana wa ofisi ya mifugo. Walikuwa wanatoka Diff, mpakani, kuja kumwomba Ifrah, binti pekee wa nyumba hiyo. Ifrah alikuwa na miaka ishirini na sita, nesi katika kliniki moja ya mjini, na alikuwa amemngoja Deeq miaka mitatu bila kumwambia mtu kwamba anangoja. Kama wangemkubali, Fatiha ya uchumba ingesomwa leo. Kama wangekataa, wangesema "tutarudi", na kila mtu anajua maana yake.

Kwa nini kazi ya ngozi ifichwe? Mgeni wa nchi hii atashangaa. Hapa mtu anaweza kula mali ya umma, na bado akawekewa mto wa kuegemea harusini. Lakini anayekwangua manyoya kwa kisu na kutia mikono kwenye mafuta, huyo ni mtu wa ngozi. Tangu zamani kazi hiyo waliachiwa jamaa wachache. Watu walichota maji kwa ndoo za jamaa hizo, walivaa makubadhi yao, walifunga mizigo ya ngamia kwa mikanda yao, kisha wakakataa kuoana nao.

Gelle hakuzaliwa katika jamaa hizo. Baba yake alikuwa na ngamia upande wa Sangailu. Ukame ukawachukua wote isipokuwa wawili, na hao wawili wakachukuliwa na watu wenye bunduki. Gelle, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na hata fimbo ya kuchungia, aliketi kwa mzee aliyeitwa Iftin, fundi wa ngozi, kwa sababu Iftin peke yake ndiye aliyempa chakula bila kumwuliza kwanza majina ya babu zake. Hapo alijifunza. Watu wakasema ukoo wake ni safi, mikono ameichafua mwenyewe.

Siku hizo ngozi ilikuwa kila kitu. Visima virefu vya Wajir vilitekwa kwa ndoo ya ngozi ya ngamia, na ndoo ya Iftin ilipigwa na mawe ya kisima miaka sita bila kuvuja. Kisha likaja debe la plastiki. Ikaja nailoni. Yakaja makubadhi ya kutoka ng'ambo yanayokatika kabla hujafika unakokwenda. Hakuna aliyewafukuza mafundi. Watu walinunua kitu kingine, basi. Na hapa ndipo penye uchungu: ufundi umekufa, dharau imebaki. Kijana ambaye hajawahi kuiona ndoo ya ngozi kwa macho yake atakueleza vizuri sana nani haolewi kwa sababu ya ndoo hiyo.

Sasa kwa nini mzee huyu, aliyekwisha kuhamia kwenye nailoni, alikuwa anavuta ngozi siku ya wageni? Nyumbani kwa Iftin, binti hakutoka kwenda kwa mumewe bila msala wa ngozi uliolainishwa na baba yake. Gelle aliona mabinti wanne wa mzee huyo wakitoka hivyo. Alipopata binti alisema na wake atatoka hivyo.

Ifrah alijaribu kumzuia baba yake. "Aabo, msala ninao. Wa Istanbul. Una hata dira."

"Dira ni ya aliyepotea," Gelle alimjibu, akaendelea kunoa kisu.

Mbuzi alimchinja mwenyewe, akamchuna mwenyewe kwa ngumi. Ngozi za machinjioni siku hizi huja na matundu ya visu vya haraka, zimetiwa chumvi kama samaki. Aliiloweka, akaikwangua manyoya, akaipaka mafuta, akaikunja ilale. Alihesabu siku, akaona itaisha Jumatano. Jumatano ikawa na mawingu, kweli au si kweli.

Nimo alikuwa na hofu nyingine pia. Miaka ile arobaini ya magome ya mgunga, yale ya kulowekea ngozi, ilikuwa imezipaka kucha za Gelle rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni wala ndimu wala majivu. Mgeni akishikana naye mkono ataona. Kwa hiyo asubuhi ile alimkalisha kwenye kigoda akampaka hina ndevu zote, kitu ambacho Gelle alikuwa amekikataa maisha yake yote. "Wakiona kucha," Nimo alisema, "watasema ni mzee anayejipamba." Gelle alijitazama kwenye kioo cha kabati. Alionekana kama mbuzi aliyekula moto.

Saa nane na robo gari lilisimama nje ya lango.

Wageni walikuwa wametoka Diff mara baada ya alfajiri, barabara ilikuwa kavu, dereva alikuwa kijana. Sauti ya "Assalaamu alaykum" ilikuja juu ya ukuta kabla mtu hajajiandaa. Gelle aliishusha ngozi kutoka kigingini. Ilikuwa imefika mahali penyewe, baridi kidogo kwa ndani, inaanza kuwa nyeupe kwenye mikunjo. Alimwekea Nimo mikononi. "Gunia lililoloa liko kwenye kamba. Ifunge humo, iweke kivulini. Itanisubiri saa moja." Akakimbilia bafuni.

Nimo alibaki na ngozi inayonuka mkia wa kondoo, na lango linasukumwa. Gunia lilikuwa upande wa pili wa ua, mbele ya macho ya wageni. Nimo ni mtu wa mjini, amezaliwa ng'ambo tu ya soko. Kwake ngozi ilikuwa uchafu, na uchafu hufichwa pasipoonekana. Akairusha juu ya nyumba.

Gelle alitoka na shati jeupe na kofia, akawapokea wageni, akawakaribisha ndani kwenye mkeka, feni ikizunguka, birika la chai ya maziwa mbele yao. Walikuwa wawili. Mkubwa ni Hamze, baba mdogo wa Deeq, mfanyabiashara wa ngamia, mrefu, mkavu, mwenye bakora na maneno machache. Wa pili ni Shueb, mnene, mwenye maneno ya wote wawili.

"Gelle, ndevu zimewaka," Shueb alisema kabla hajakaa sawasawa. "Anayeoa ni Deeq au ni wewe?"

"Mimi nimeshaoa. Ona nilivyofanywa."

Shueb alicheka mpaka chai ikamwagika. Hamze alitabasamu kwa upande mmoja. Mambo yalianza vizuri.

Ndipo Gelle, akimwongeza Shueb chai, alipotupa jicho nje ya mlango. Gunia lilikuwa linaning'inia kwenye kamba, tupu. Akatazama kivulini. Hakuna kitu. Na juu ya kichwa chake, kwenye mabati, akasikia sauti ndogo, tik, kama ya kucha. Kisha kimya. Kisha tik.

Akajua ngozi iko wapi.

Mabati ya Garissa saa nane yanakaanga yai, watoto wameshajaribu. Ngozi iliyokauka si msiba. Utailoweka tena, utaanza tena, itarudi. Iliyopikwa hairudi. Ikilala mbichi juu ya chuma cha moto, nyuzi zake hushikana kama uji uliogandia sufuriani, na hakuna mafuta ya mnyama yeyote yatakayozitenganisha.

Hamze alikuwa anauliza jambo. "Binti yetu anafanya kazi wapi?"

"Juu," Gelle alisema.

"Juu wapi?"

"Kliniki. Upande wa juu wa mji."

"Garissa haina upande wa juu," Shueb alisema. "Nimezunguka yote, ni bapa kama chapati."

Gelle alicheka ili tu aonekane anacheka. Goti lake lilikuwa linapiga mkeka. Alijiambia bado dakika tano, mradi imejikunja kidogo, mradi haijalala bapa. Jasho lilimshuka likachukua hina, akalifuta kwa kiganja. Hamze alianza kutaja koo, huu na ule, nani alioa kwa nani mwaka wa mafuriko, na Gelle aliitikia "naam" mahali pa "hapana" na "hapana" mahali pa "naam", na kila neno lililopita alilipima kwa ngozi: sasa ukingo umekauka, sasa tumbo, sasa shingo. Nyuma ya pazia Nimo alikohoa kumwonya.

Kisha kitu kizito kilitua juu ya nyumba. Mabati yalilia. Zikafuata hatua, polepole, za mtu mzee anayetafuta viatu.

Hamze aliinua macho. "Nyumba yako ina mpangaji juu."

"Korongo," Nimo alisema kutoka nyuma ya pazia, haraka mno. "Wamejaa mjini, adeer. Wametuzoea."

Kweli wamejaa, wale ndege wenye upara na mfuko shingoni, wanakaa juu ya miti ya Garissa kama wazee waliokosa pensheni. Lakini Shueb aliinua kidole. "Korongo hashuki bure kwenye bati la moto. Hashuki pasipo na nyama. Mmechinja mkatuficha?"

Wa pili alitua. Kikasikika kitu kinaburutwa.

Hamze aligonga bakora sakafuni kuurudisha mkutano. Akajiweka sawa, akashusha sauti, kama inavyotakiwa. "Gelle, maneno yamekuwa mengi, na safari yetu ni moja. Tumekuja kwako kumwomba..."

Gelle alisimama.

Katika desturi ya Wasomali, na ya watu wote wenye adabu, hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mwombaji akiwa na neno mdomoni, baba wa binti hainuki hata kama moto umeshika pazia. Gelle alisimama, akavua kofia, akatoka nje bila kuvaa viatu, akapanda pipa la maji, akapanda ukuta, akasimama ukingo wa paa ukimfika kiunoni, akiwapiga korongo wawili kwa kofia ya kuswalia. Mmoja alikuwa ameing'ata ngozi kwenye kona na hataki kuiacha. Walivutana. Miaka sitini na minane, ndevu nyekundu, mbele ya wageni waliotoka Diff.

Alishuka nayo. Ilikuwa imeanguka imejikunja, na hilo ndilo lililoiokoa. Mgongo ulikuwa bado na ubaridi ndani. Ila kona moja, ya mguu wa nyuma, ilikuwa imelala bapa juu ya chuma. Ilikuwa ngumu, ya njano, inapitisha mwanga kama kucha.

Sehemu nyingine yote ilikuwa kwenye dakika yake ya mwisho. Hamze na Shueb walikuwa wamesimama mlangoni. Gelle hakukaa kufikiri. Aliizungusha ngozi kigingini akaanza kuvuta.

"Mke wako alisema kamba," Hamze alisema.

"Kamba pia nauza."

"Na hii?"

"Msala wa Ifrah. Naulainisha mwenyewe." Hakuacha kuvuta. "Nimefanya kazi hii miaka arobaini. Ukoo wangu mmeuuliza kabla hamjaja, na haujabadilika tangu asubuhi. Mikono ndiyo hii. Samahani kwa kuinuka. Haiachwi ikifika hapa."

Ifrah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, na ushungi wake mpya.

Hamze alimgusa Shueb bega. Wakaenda wawili chini ya mwarobaini karibu na lango, wakazungumza kwa muda ambao ngozi iligeuzwa mara mbili. Waliporudi, Hamze alikaa mwenyewe kwenye kigoda cha uani. Alisema kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Walaal, ndugu yangu, kijana anamtaka binti yako, na binti yako hana kasoro. Mimi peke yangu nisingesema lolote. Lakini nyuma yangu kuna watu, na watu wana midomo. Kesho watauliza bibi harusi ni binti wa nani. Nataka niseme ni binti wa muuza kamba, na iwe kweli. Iache kazi hii. Toa neno lako hapa, tusome Fatiha leo."

Ngozi ilikuwa inalia kwenye kigingi, kwi, kwi, ile sauti inayotoka maji yanapokaribia kuisha. Gelle alimtazama binti yake. Ifrah alikuwa anaitazama ngozi, hamtazami yeye. Akajua hataomba. Alimlea asiombe.

"Nikiimaliza hii," Gelle alisema, "sitagusa nyingine."

"Ni neno?"

"Wallahi, ni neno langu. Nikiimaliza hii."

"Basi maliza."

"Itabidi mngoje."

Wakangoja. Mfanyabiashara wa ngamia alikaa kwenye kigoda, bakora magotini, akimngoja mtu wa ngozi amalize. Gelle aliivuta, akaikanyaga, akaipiga kigingini, akaishika kwa meno upande mmoja na mikono upande mwingine. Polepole iligeuka nyeupe, ikaacha kulia, ikaanza kuanguka kama kitambaa. Shueb alishindwa kujizuia. Alisogea, akaikamata ukingoni kwa vidole. "Subhanallah. Laini kama sikio la mwanambuzi." Hamze akakohoa. Shueb akaachilia, akajifuta mkono kwenye shuka lake, mara mbili.

Alasiri ilipoadhiniwa Gelle aliiweka begani, akanawa. Waliswali pamoja. Fatiha ikasomwa, mikono juu, na nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele.

Wageni walipoondoka, Nimo aliichukua ngozi aikunje aiweke sandukuni. Alisimama. "Kona hii ni ngumu."

"Naona."

"Ikate."

"Ukiukata msala, umeuharibu. Nipe. Haijaisha."

Nimo alimtazama. Alikuwa ameishi naye miaka thelathini na mmoja. "Gelle. Umeapa mbele ya watu."

"Nimeapa nikiimaliza."

Harusi ikafanyika baada ya Ramadhani. Siku ya kuondoka Ifrah alipanga masanduku yake, akaweka msala wa Istanbul, kisha akaja uani alipokuwa baba yake na bakuli la maji. Alipiga magoti, akaipitishia kidole ile kona ya njano. Ifrah ni nesi. Ameona ngozi za watu zilizoungua, anajua zinazorudi na zisizorudi.

"Aabo, hii bado," alisema.

"Bado kidogo."

"Basi usinipe ikiwa nusu. Ikiisha utaniletea."

Tangu siku hiyo Gelle hajagusa ngozi nyingine. Wamekuja watu wawili watatu, wafugaji wa mbali ambao bado wanafunga mizigo ya ngamia kwa mikanda ya ngozi, akawaonyesha nailoni. Neno ni neno. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, huketi penye kigingi akailoanisha kona ile, akaipaka mafuta, akaivuta. Ufundi wote wa Iftin, na wa waliomfundisha Iftin, sasa uko kwenye kipande kisichozidi kiganja, na kipande chenyewe kimeshapikwa.

Mwezi wa kumi Hamze alipitia Garissa na ngamia wa kuuza, akaja kumjulia hali mkwe wake, Gelle. Alimkuta kazini, mafuta mpaka viwiko, ndevu zimerudi nyeupe. Nimo aliganda mlangoni na birika mkononi.

Hamze aliketi. Aliichukua ile kona kati ya vidole viwili, akajaribu kuikunja. Haikukunjika. Huyu ni mtu aliyenunua na kuuza wanyama maisha yake yote, na ngozi anaijua hata kama hakuwahi kuilainisha.

"Bado?" aliuliza.

"Bado kona moja."

Hamze aliirudisha, akajifuta vidole kwenye leso, akaegemea bakora.

"Usiharakishe," alisema.

Gelle alitia mkono kwenye bakuli, akainyunyizia maji, akaanza upya.